Kuku Aliyehamishwa Kama Mbuzi

Mke wangu alikuwa na kuku mmoja ambaye hakumuuza. Wengine wote walioshuka na lori la Kitale waliingia kwenye matenga pale sokoni Lodwar, wakauzwa, wakaisha, wakaja wengine. Huyu alikaa miguuni pake tangu asubuhi, kitambaa kimemfunga mguu, na jioni alirudi naye nyumbani ndani ya kikapu cha majani ya mkoma. Alikuwa mweusi mwenye madoa meupe madogo, kama kanga wa porini. Wateja walimtamani kwa unene wake. Mke wangu aliwaambia, "Huyo ni maksai wangu," na wanawake wa soko wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Walicheka kwa sababu kwetu Waturkana maksai ni wa mwanamume. Mwanamume huwa na ng'ombe wake mmoja anayempenda kuliko wote, humpamba, humtungia nyimbo, na rika lake humwita kwa jina linalotokana na rangi au pembe za ng'ombe huyo. Mwanamke hana wa kuimbia. Mke wangu aliona hilo limekaa vibaya, akajichagulia kuku. Alimwimbia kweli, tena bila aibu, huku akinyonyoa kuku wa wateja kwenye maji ya moto. Mimi siku hizo nilikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Nikipita sokoni na kumsikia nilikuwa naharakisha hatua ili watu wasijue ni wangu. Leo ningelipa chochote nilicho nacho nimsikie akiimba ule upuuzi.

Alifariki kwa ugonjwa wa figo, hapa hapa Lodwar, katika msimu ambao mawingu yalikuja yakapita bila kutupa tone. Alikuwa mgonjwa muda mrefu, na alienda sokoni karibu mpaka mwisho. Baada ya kumzika sikurudi kwenye ulinzi. Asubuhi moja nilichukua kikapu, nikamtia yule kuku ndani, nikaenda nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Sikuwa na mpango wowote. Lori la Kitale lilikuwa limeshusha mzigo wake kama kawaida, maana dereva hakuwa amepata habari, na kuku walikuwa wakihema kwenye jua. Mtu angefanya nini? Niliwapa maji. Mteja wa kwanza akaja, nikamuuzia. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika biashara ya kuku.

Mimi nilizaliwa nyuma ya mbuzi. Shule niliiacha darasa la sita, na kabla ya hapo na baada ya hapo nilichojua ni mbuzi. Baba yangu alisema ndege ni chakula cha mtu asiye na mfugo, na mpaka alipokufa hakuwahi kuonja kuku. Kwa hiyo wazee wa rika langu waliponikuta pale walisimama kunitazama vizuri. Mmoja akaniuliza kundi langu hulipeleka kisimani saa ngapi. Mwingine akasema nilale macho, maana majangili wakisikia habari ya mifugo mingi hivi watanivamia. Nikacheka nao. Walipoondoka yule kuku alinitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akanitazama kwa lile la pili. Nilihisi ananikagua kama nafaa kukaa pale.

Kila mwezi alikuja daktari wa mifugo kupima kuku wa soko. Alikuwa mwanamke kijana, mgeni wa kutoka nyanda za juu, mpole, mwenye glavu na barakoa na kikasha cha barafu begani. Alichofanya kilikuwa hiki: alimshika kuku, akaingiza kijiti chenye pamba kooni, akazungusha, kisha kijiti kingine upande wa haja. Kisha akavitia vijiti ndani ya kichupa chenye maji ya rangi ya waridi. Kwa kuwa kupima ni ghali, vijiti vya kuku watano viliingia kichupa kimoja. Kichupa kikiwa safi, wote watano ni safi. Kikiwa na kitu, basi hujui ni nani kati yao, inabidi urudi uwapime mmoja mmoja.

Alitafuta mafua ya ndege. Alitueleza mara nyingi, bila kuchoka, kwamba ndege wa porini wanaokuja ziwani kwetu kila mwaka kutoka nchi za baridi wanaweza kuja nayo, na kwamba sokoni ndiko yanakoonekana kwanza, kwa sababu kuku wa kila upande hukutana hapo na kupumuliana. Iko aina kali inayomaliza banda zima kabla hujajua umepatwa na nini, na hiyo inaweza kumwingia hata mtu. Iko aina hafifu, inayopita kama kamasi za mtoto. Kwa macho, siku za mwanzo, huwezi kujua ni ipi.

Mke wangu alipokuwa hai daktari huyu alimkemea kwa ajili ya kile kikapu. Alimwambia soko ni mlango wa kuingilia tu. Kuku akishaingia hapa asirudi nyumbani akiwa hai, maana ndivyo ugonjwa unavyotembea mtaani. Mke wangu alimuuliza, "Na mimi je? Mimi huingia na kutoka kila siku, mbona hunizuii?" Daktari akacheka, akamwambia yeye aoshe viatu. Tangu siku hiyo mke wangu alikuwa akiosha viatu vyake kwa dawa ya jiki kila jioni, na kikapu aliendelea kukibeba. Nami nilipokaa kwenye kiti chake niliendelea hivyo hivyo. Kuku yule hakujua kushinda nyumbani, na mimi sikujua kumwacha.

Mwezi mmoja daktari alipima kama kawaida. Wa kwetu aliingia kichupa kimoja na wanne walioshuka na lori. Baadaye, siku isiyokuwa yake, nilimwona akija na barakoa tayari usoni, na hakusalimiana na mtu kwa mkono. Alitukusanya wauzaji. Alisema kichupa kimoja kimeonyesha mafua ya ndege, lakini aina yake bado haijulikani, sampuli imepelekwa Nairobi. Mpaka majibu yaje, hakuna kuku kuingia wala kutoka, na kesho asubuhi atapima mmoja mmoja. Ikiwa ni ile aina kali, kuku wote wa soko watauawa na kufukiwa kwa chokaa.

Kichupa kilikuwa cha kwangu. Watu waliondoka wakinung'unika, mimi nikabaki.

"Hata huyu?" nikamuuliza.

Alimtazama yule kuku pale miguuni pangu. Alikuwa anajua habari yake yote, alikuwepo mazishini.

"Hata huyo, baba," akasema. "Nisikudanganye."

Aliniruhusu nirudi naye nyumbani kwa sababu alikuwa amezoea kulala huko na kama ni madhara yalikuwa yamekwisha kutendeka, ila nimfungie peke yake na asitoke uani. Nikaahidi.

Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa Lodwar kwa matibabu ya macho, amefikia kwa binti yake mwingine. Yeye kwao ni mbele ya Kakuma, kwenye mkondo wa mto mkavu, na amefuga mbuzi maisha yake yote. Mimi na yeye tuliheshimiana kwa umbali, kama inavyopasa mtu na mama wa mkewe. Tukizungumza, kila mmoja alitazama kwake. Tangu mazishi tulikuwa hatujazungumza kabisa. Yeye alikuwa amempoteza mtoto na mimi nilikuwa nimempoteza mke, na kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi, mpaka nafasi ikawa kubwa mno.

Habari za soko zilimfikia kabla ya jioni. Alikuja akakaa nje ya ua wangu, nikamletea chai kupitia kwa jirani. Akauliza kama ni kweli kuku wa binti yake atauawa. Nikasema huenda. Akauliza kama anakula. Nikasema anakula vizuri. Akauliza kwa nini basi amekaa kwenye ugonjwa wakati nchi ni pana.

Nikamweleza aliyoyasema daktari, kwamba asitembezwe. Alinywa chai yake yote kwanza.

"Huyo daktari," akasema, "amezika nani?"

Nilimwacha pale, nikaingia ndani. Alipoondoka alisema kwaheri kwa heshima zote.

Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, nilienda kuchota maji. Niliporudi, kikapu hakikuwepo, wala kuku. Jirani akaniambia yule mama mzee amepita, amebeba kikapu kilichofunikwa shuka, ameelekea yanakopakia magari ya Kakuma.

Mtu asiyefuga mbuzi ataona ni wizi, au ni ujinga. Si hivyo. Kwetu ugonjwa ukiingia bomani huwasubirishi wazima. Unawatoa, unawahamisha, unaweka jangwa kati yao na mauti. Watoto wetu hujifunza hilo kabla hawajajua kuhesabu. Mama mkwe alimwona mnyama anayekula vizuri ameachwa mahali penye ugonjwa, akafanya alichofanya kila mara alipookoa mbuzi wake. Na mimi, niliposimama pale na mtungi mkononi, nilifurahi. Sitaki kusema vingine. Nilifurahi kwanza, hofu ikaja baadaye.

Daktari alipofika sokoni kupima, jirani zangu wa pale walikuwa wamekwisha kunipangia la kusema: kwamba amekufa nikamtupa, au nimemchinja nikamla, na nani atachimba tumbo langu? Nilimwambia ukweli. Alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, akavua barakoa, akaishika mapajani.

"Baba," akasema, "huu ugonjwa hauna miguu. Hutembea kwa kubebwa. Na sasa umepandishwa gari."

Alimaliza kupima kuku wangu waliobaki, akapiga simu ofisini kwao, na tukaondoka kwa pikapu yake kuelekea Kakuma. Njiani hakunilaumu. Aliniuliza maswali ya kazi tu: gari gani, limesimama wapi, mama alishuka wapi, alimgusa nani. Sikujua hata moja. Nilitazama miiba na mchanga vikipita, nikawaza mwanamke mzee mwenye macho mabovu, amekumbatia kikapu kati ya mifuko ya watu.

Kakuma tulianzia sokoni, upande wa kambi ya wakimbizi, wanakouza kuku Wakongomani. Hatukuhitaji kuuliza sana. Mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye matenga makubwa kuliko ya wote, alipoona glavu za daktari aliweka mikono kiunoni. Alituambia kwamba ndiyo, mama mzee amepita, alikuwa anangoja pikipiki ya kumpeleka kwao, na kuku wake alikuwa anahema. Akaomba kwa ishara kuku apumzishwe kivulini.

"Mi nilimupatia maji, kwa huruma," akasema, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, wanakosema "njo" badala ya "ndiyo". "Mugeni akifika, unamupa maji. Sasa mugeni mwenyewe njo kuku, na kuku njo ugonjwa?"

Kuku wa mke wangu alikuwa amekunywa kwenye sinia moja na kuku wake. Daktari alimweleza polepole kwamba matenga yake yatafungwa mpaka majibu yatoke. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. Hakupaza sauti. Alisema kesho kutwa kuna harusi ya Wasudani Kusini, kuku wa karamu ni hawa, na akaniomba nimpelekee mama mkwe wangu salamu, tena salamu za pekee. Majirani zake wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Alishika kuku wake mmoja mmoja mwenyewe ili daktari awapime, akiwasemesha kwa lugha yake wawe wavumilivu.

Kwa mama mkwe tulifika jua limesimama juu ya vichwa. Alikuwa amemweka kuku kwenye kizizi cha wana-mbuzi, kilichozungushiwa miiba, na kivuli cha ngozi juu. Hakukuwa na kuku mwingine kwa umbali wote ambao jicho lingeweza kufika. Daktari alilitazama hilo kwanza, nikaona mabega yake yakishuka kidogo. Akasalimia, "Ejok?" kwa matamshi yake ya ugenini, na mama akaitikia bila kuinuka.

Walizungumza, mimi nikitafsiri. Mama alisema mbuzi wakikohoa hapa wanahamia kule, na hivyo ndivyo ukoo wake umebaki duniani. Daktari akauliza yule anayekohoa huachwa wapi. Mama akajibu huachwa nyuma.

"Na kama unayembeba ndiye anayekohoa?" daktari akauliza.

Nilitafsiri hilo nikitazama chini. Mama alisimama, akatoa miiba mlangoni mwa kizizi kwa mkono wake, akamshika kuku, akamshikilia ili achomwe kile kijiti kooni. Kuku alipopiga kelele mama alimfunika macho kwa kiganja, kama afanyavyo kwa mbuzi anayetiwa alama.

Tulirudi Lodwar kungoja. Kuku walikuwa wamefungiwa nyuma ya soko, na soko bila kuku lina ukimya wa ajabu. Nilienda kila asubuhi nikakaa, ingawa hapakuwa na la kuuza wala la kunyonyoa, na miguuni pangu hapakuwa na kitu. Ndipo nilipotambua kwamba mchana kutwa, miezi yote ile, nilikuwa nikiinama kumgusa. Mkono ulikuwa unashuka wenyewe, unakuta hewa. Mke wangu alikuwa na tabia ya kushusha mkono hivyo hivyo. Sijui niliichukua lini.

Minong'ono nayo ilikuwepo. Watu walioona barakoa walianza kuhesabu nyuma: huyu anauza kuku wenye ugonjwa, na mkewe alikufa, na kuku ni yule yule aliyekuwa akilala naye chumbani. Hakuna aliyeniambia usoni, lakini niliposogea walibadilisha mazungumzo.

Majibu yalipofika ilikuwa ile aina hafifu. Hakuna kuku aliyeuawa. Soko lilioshwa kwa dawa, matenga yakaanikwa juani, na likafunguliwa. Kuku wa yule mama Mkongomani walikuwa safi wote, ila harusi ilikuwa imepita, na Wasudani Kusini walikuwa wamekula mbuzi. Lakini yule wa mke wangu alikuwa nayo. Ndiye aliyekichafua kile kichupa, au mmoja wa waliokichafua. Daktari alisema atapona bila dawa, ila asichanganyike na wengine mpaka apimwe tena na kuonekana safi. Akapanga kwenda kumweleza mama mkwe mwenyewe, akaniomba nifuatane naye.

Mama alisikiliza yote. Aliuliza mara mbili kama kweli kuku hatauawa. Kisha aliuliza lile ambalo watu wa soko walishindwa kuniuliza. Hakuniangalia mimi wala daktari. Alimtazama kuku.

"Basi huyu ndiye aliyemuua?"

Nilichelewa kutafsiri. Daktari aliona uso wangu, akangoja. Nilipomwambia, alichuchumaa mbele ya mama, chini kabisa, glavu zake mkononi.

"Hapana, mama. Nilimpima huyu kuku mwezi kwa mwezi, wakati wote binti yako alipokuwa mgonjwa, na baada ya hapo. Kila kichupa alichoingia kilikuwa safi. Ugonjwa huu ameupata juzi juzi, binti yako akiwa tayari amepumzika."

"Mwambie aseme tena," mama akaniambia.

Daktari akasema tena, na mimi nikatafsiri tena. Mama aliinuka, akachota maji kwa kikombe chake mwenyewe cha bati, akamnywesha kuku kutoka mkononi. Daktari alifungua kinywa amzuie, akakifunga. Baadaye tu, tulipokuwa tunaaga, alimwomba mama anawe mikono kwa sabuni na akioshe kile kikombe. Akakubali.

Baada ya hapo nilikwenda huko kila daktari alipokwenda kupima, nikiwa mtafsiri wake. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Lakini wakati daktari akifunga vichupa vyake na kuandika, mimi na mama tulikaa kila mtu upande wake wa kizizi, tukimtazama kuku akiparua, na maneno yalikuja. Alinieleza jinsi mke wangu alivyokuwa mtoto mkaidi wakati wa kukamua. Nami nilimweleza alivyoimba sokoni, na kwamba nilimwonea aibu. Hakunihukumu. Alisema baba wa binti yake pia aliimba vibaya.

Ndiyo maana daktari alipopiga simu kuniambia kuku sasa ni safi, sikupata furaha niliyoitarajia. Nilikuwa nimeanza kuomba, kwa siri, asipone haraka.

Daktari alinieleza pia kwamba kuku huyu asirudi kwangu. Mimi hushinda na kuku wa lori na kurudi na uchafu wao kila jioni, kwa hiyo ua wangu nao ni soko. Nikitaka kumrudisha, niache biashara. Nikitaka biashara, kuku abaki kule kusiko na kuku. Nilifikiri siku nyingi. Kile kiti cha plastiki bado kimebonyea pale mke wangu alipokuwa akikaa. Sikuweza kukiacha. Nikaenda kumwambia mama kwamba kuku ni wake.

Nilimkuta kuku amelala chini ya ile ngozi, manyoya yamemvimba, hataki kusogea. Mama alinyamazisha hata mbuzi nisije nikamshtua. Akanionyesha kwa kidole: amelalia mayai. Mama alikuwa akimpelekea mtama na maji pale pale, ili asiinuke, na alikuwa ameshaanza kusuka kikapu kidogo cha vifaranga. Alisema wakiwa wengi atampelekea kila mjukuu mmoja, wawe nacho cha mama yao mdogo.

Nilitafuta namna ya kulisema, nikakosa. Mwanamke huyu anaweza kukuambia mbuzi ana mimba kwa kumtazama akitembea. Lakini kuku hakuwahi kufuga, wala hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba kuku hutaga hata akiwa peke yake.

"Mama," nikasema, "hapa hakuna jogoo."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua.

"Kwa hiyo analalia nini?"

"Analalia bure."

Aliweka chini kile kikapu kidogo. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa mchana unaoingiza mchanga hadi kwenye meno. Nilijuta kusema, na bado nisingeweza kumwacha angoje. Baada ya muda akaniuliza kama jogoo ni mnyama wa kupatikana kwa shida. Nikamwambia si kwa shida, ila asitoke sokoni, na daktari lazima ampime kwanza. "Basi apimwe," akasema, akakiokota kikapu, akaendelea kusuka.

Nilimpigia daktari. Alicheka, kisha akasema sawa, nitafute nyumba ambayo kuku wake hawajafika sokoni. Nilimjua mtu mmoja tu wa kumuuliza kwa upande ule. Nilienda Kakuma, kwa yule mama Mkongomani, nikijua kitakachonipata. Kumbe nyumbani kwake, ndani kabisa ya kambi, ana kuku wa familia ambao hawakanyagi sokoni kwa sababu wale ni wa watoto. Alinisikiliza huku akichambua mboga ya majani ya muhogo.

"Yule mama alinifungia soko," akasema, "na sasa anaomba bwana arusi kwangu? Kwenu si bwana njo anatoa mali? Jogoo nitoe mi, mahari nitoe mi?"

Nilimpelekea mama mkwe maneno hayo kwa simu ya jirani yake. Alijibu kwamba nimwambie hivi: mahari italipwa kwa vifaranga, na siku ya harusi yeye atachinja mbuzi, aje ale. Mkongomani alipopata jibu aligonga meza kwa kicheko, akaenda kumshika jogoo mwenyewe. Ni jogoo mwekundu, mrefu, mwenye kiburi. Sasa yuko kwenye tenga la peke yake nyuma ya nyumba ile. Daktari amekuja, ameingiza kijiti chake, na safari hii kichupa kilikuwa cha jogoo peke yake. Majibu hayajatoka.

Jana simu yangu ililia sokoni nikiwa na maji ya moto mbele yangu na kuku wa mteja mkononi. Alikuwa mama mkwe. Aliuliza kama majibu yametoka. Nikamwambia bado. Nilidhani atakata, hakukata, na mimi sikukata. Nilisikia upepo wa kwao.

"Uko kwenye kiti chake?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Niambie mtu akikaa hapo anaona nini."

Nilimwomba mteja wangu anivumilie. Nikaanza na upande wa barabara, ambako binti yake alikuwa akitazama lori likija.